Kiskoti: Tahajia Inayoificha Lugha

Ukikutana na jina la ukoo Menzies kitabuni, bila shaka utatamka z. Matamshi yake ya asili huko Uskoti ni Ming'is, kwa ng' ileile ya ng'ombe. Zamani Kiskoti kiliandikwa kwa herufi ȝ, iitwayo yogh. Ikifuata n, zote mbili pamoja ziliwakilisha sauti iliyokaribia ny yetu. Wachapaji wengi hawakuwa na herufi hiyo, basi wakaweka z iliyofanana nayo. Ndiyo sababu Dalziel nalo husomwa Di-el.

Tusikichanganye Kiskoti na Kigaeli, lugha ya Kiselti ya nchi hiyohiyo. Kiskoti ni ndugu wa Kiingereza, na undugu huo ndio taabu yake. Anayejua house akisikia hoose, yaani nyumba, hudhani msemaji ameliharibu neno. Kumbe irabu ya kale ni u ndefu. Ni Kiingereza kilichoigeuza kuwa au. Vivyo hivyo coo, ng'ombe, na doon, chini. Katika nicht, usiku, Waskoti bado hutamka kh, sauti ambayo Kiingereza sanifu kimeipoteza na kuacha gh isiyosomwa.

Waandishi wa karne ya 18, Robert Burns akiwemo, waliandika a' kwa maana ya -ote, na wi' kwa maana ya pamoja na. Ritifaa hiyo inadai kwamba kuna herufi imeangushwa. Lakini l ya a' ilikuwa imekwisha kutoweka katika matamshi tangu karne ya 15! Mwaka 1947 kundi la waandishi mjini Edinburgh lilikubaliana mwongozo wa tahajia usio na ritifaa hizo: aa, si a'.

Hapo nakumbuka neno letu. Nyumbani Lubumbashi tunasema fungula mulango; shuleni daftari langu lilirudi na mstari mwekundu chini ya l. Tumeirithi au tumeipata kwa jirani, l hiyo ni ya kiambishi cha Kibantu cha kutendua, -ul-. Pwani ndiko ilikoanguka. Nani basi amekosea?

Kwa upande wa maana, maneno magumu si yale mageni. Dreich, siku ya mawingu, baridi na manyunyu yasiyokoma, utalitafuta kwenye kamusi. Vilevile thrawn: kilichopinda, na pia mtu mkaidi. Hatari ni maneno yanayofanana na Kiingereza: mind ni kukumbuka, stay ni kuishi mahali, the morn ni kesho. Anayesema the morn's morn anakusudia kesho asubuhi. Outwith, nje ya, limeingia hata katika barua za ofisi, na wapo Waskoti wanaoliandika kila siku wakidhani ni Kiingereza cha kawaida, hadi msomaji wa London awaulize maana yake.