Daftari Lililofunguliwa Kinyume

Mdogo wangu wa upande wa Msambweni, barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema katika Gredi ya 3 ya bintiyo kaingia mvulana wa miaka 10 aliyelelewa Somalia. Babake aliwafuata al-Shabaab, hakurudi. Wataka mwalimu amhamishe yeye, au amhamishe mwanao. Kisha chini kabisa, kama aliyeona haya, ukaongeza kwamba ami yako alikuwa mzee wa mtaa na alipigwa risasi mlangoni pake.

Pole sana. Sitakwambia usiogope. Lakini deni la ami yako usimdai aliyekuwa bado mgongoni mwa mamake.

Hebu msome tena huyo mtoto kwa maneno yako mwenyewe. Hufungua daftari kwa nyuma, wenzake wakamcheka. Amesoma chuo cha Kurani tu, mkono wake umezoea kuanzia kulia! Na siku mfuniko wa sufuria ya uji ulipoanguka, alikutwa chini ya dawati. Nani anamwogopa nani hapo?

Najua gazeti hili utampasia nyanya anayemlea, kwa hiyo na yeye asikie. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 53, yampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kifungu cha 14 chasema aliyezaliwa na mama au baba Mkenya ni Mkenya, hata kama kazaliwa nje. Basi nyanya akianza kufuatilia cheti cha kuzaliwa, abebe kitambulisho cha mama wa mtoto, na viatu vya kutembelea, maana ataambiwa njoo kesho. Wakati karatasi zikitafutwa, mtoto akae darasani. Wala asishushwe kwa watoto wa miaka mitano ati hajui kusoma. Apewe nusu saa ya ziada kila siku ili awafikie wenzake.

Niliwahi kufundisha. Mwenzangu mmoja, mwalimu mwenye huruma kweli, alimsimamisha mtoto kama huyu mbele ya paredi: tumpokee mwenzetu aliyetoka Somalia. Kufika mapumziko ya saa nne jina lake lilikuwa Shabaab. Muhula haukuisha, akaacha shule. Kwa hiyo habari za huyu mvulana azijue mwalimu wa darasa na mwalimu mkuu, basi. Na wewe usimtume bintiyo kuchunguza kama babake mvulana alikufa au yu hai. Mwaka 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ilitangaza msamaha kwa watakaojisalimisha, lakini wako waliorudi wakauawa na watu wasiojulikana, wengine wakapotea hadi leo. Ndiyo maana nyumba hizo hufunga midomo. Neno la mtoto likifika barazani, huenda usiku likagonga mlango wa mtu.

Usimhamishe bintiyo. Darasa zima litajua sababu kabla hajafunga mkoba. Mwambie tu amwonyeshe mwenzake ukurasa wa kwanza uko wapi, na asubuhi ukifunga mahamri, tia mawili zaidi. Iwapo moyo hautaki bado, uache, mahamri hayahitaji moyo.

Jioni moja pita kwa yule nyanya umwamkie. Usiulize kitu. Mkikosa la kuzungumza, kuna bei ya unga.