Mahubiri Juu ya Mwanzo wa Mji

Ni desturi njema kwamba padre, siku ya sikukuu ya parokia, awakumbushe waamini jinsi mji wao ulivyoanza. Lakini ahubiri historia gani: ile ya sifa tupu, au ile ya kweli yote? Tutwae mfano wa Bagamoyo.

Katika karne ya 19 mji huo wa Waislamu ulikuwa bandari ya misafara. Watumwa kutoka bara walifikishwa huko pamoja na pembe za ndovu, kisha wakavushwa Unguja. Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliokuwapo Unguja tangu 1863, walifungua misioni kando ya mji, wakiongozwa na Padre Antoine Horner. Walikomboa watoto watumwa, wakawafunza dini, kusoma, kazi za mikono na ukulima. Walipokua wakaoana, walipewa makao katika kijiji cha misioni. Mwaka 1872 tufani iliangusha majengo, nayo yakajengwa tena. Mwezi wa Februari 1874 Chuma, Susi na wenzao waliufikisha hapo mwili wa David Livingstone.

Hayo yapendeza kusikiwa, nayo ni kweli. Lakini yako na mengine. Watoto wengi walikombolewa kwa kununuliwa, na fedha hizo zilimfaidi muuzaji. Waliokombolewa waliishi chini ya amri kali, wakilima mashamba ya misioni, na wako waliotoroka.

Je, kuyataja hayo ni kuwavunjia heshima wamisionari? Sivyo. Musa aliwaagiza Waisraeli wasisahau kamwe kwamba walikuwa watumwa Misri. Na Maandiko hayakuficha habari ya ndama wa dhahabu. Taifa la Mungu halikuogopa kuisoma aibu yake mbele ya watoto wake.

Basi tujifunze mambo mawili. Kwanza, Kanisa la Bagamoyo halikuanzishwa na mapadre peke yao. Wakristo wake wa kwanza walikuwa watoto walionyang'anywa mama zao. Hao nao ni wazee wetu katika imani, na yafaa watajwe altareni.

Pili, historia ya utumwa isiwe fimbo ya kumpigia jirani. Biashara ile ilikuwa na mikono mingi: watekaji wa bara, wenye misafara wa pwani, matajiri wa Unguja, na hapo awali hata Wakristo wa Ufaransa, wenye mashamba katika visiwa vya Bourbon na Mauritius, walinunua watu wa pwani yetu. Mkristo na Mwislamu wote wana sababu ya kuinamisha kichwa.

Nasi wazazi na walezi tujipime. Huenda nyumbani kwetu yumo msichana mdogo aliyetolewa kijijini kwao, apikaye na kufua tangu alfajiri, asiyesoma wala kulipwa. Tukitoka kanisani tumesikitikia watoto wa mwaka 1868, naye tukamwacha vile vile, mahubiri hayo yametufaa nini? Tuanze na huyo: tumpeleke shule, au tumlipe haki yake, au tumrudishe kwa mama yake.