Jeli Zinazohisi

Mdogo wangu ana ugonjwa wa sukari. Tangu alipokuwa na miaka minane hudungwa insulini kila siku, na mara nyingi ameniuliza, "Kaka, kwa nini nisimeze kidonge kama watu wengine?" Sikuwa na jibu, mpaka muhula uliopita mwalimu wetu wa kemia alipotufundisha habari za haidrojeli.

Haidrojeli ni nyuzi za polima zilizofungamana kama wavu wa mvuvi, ila wavu huu hushika maji. Mwalimu alipasua nepi ya mtoto, akakung'uta unga mweupe uliomo, akautia katika bilauri ya maji. Mara maji yakaganda, hata tulipoipindua bilauri hayakumwagika. Kisha akaniambia ninyunyize chumvi na kukoroga. Nami, kwa majivuno, nikaipindua bilauri tena. Lo! Suruali yote ikalowa, na darasa zima likacheka.

Sababu ni hii. Nyuzi zile zina chaji hasi, na chaji za namna moja husukumana. Basi wavu hupanuka na kuvuta maji. Chumvi hupunguza msukumano ule, tena nayo huyavuta maji nje, na wavu husinyaa.

Otto Wichterle na Drahoslav Lím wa Prague ndio walioandika mwaka 1960 juu ya jeli za kutumiwa mwilini, na kutokana na kazi yao zikapatikana lenzi laini za macho. Mwaka 1978 Toyoichi Tanaka, Mjapani aliyefanya kazi Marekani, alionyesha kwamba badiliko dogo tu laweza kuisinyaza jeli kwa ghafula.

Iko polima moja yenye jina refu mno, wataalamu hulikata wakasema PNIPAM. Chini ya nyuzi 32 za sentigredi hushika maji. Ikipita hapo huyatema. Huko Japani seli hukuzwa juu ya utando wake kwa nyuzi 37. Chombo kikipozwa hadi 20, seli hubanduka zenyewe kama ngozi moja nzima, bila kukwaruzwa. Mwaka 2004 waganga wa Osaka walitangaza kwamba walitwaa seli za vinywani mwa wagonjwa wanne, wakazikuza hivyo, wakazibandika juu ya macho yao yaliyoharibika. Wote wanne wakaona vizuri zaidi. Habari hiyo niliisoma mara mbili.

Sasa nirudi kwa mdogo wangu. Insulini ni protini, na tumbo huisaga kama lisagavyo nyama. Lakini jeli ya asidi ya methakriliki, ikiwa katika ukali wa tumbo, hupoteza chaji na kujifunga, dawa ikiwa salama ndani. Ikifika utumbo mwembamba, ambako ukali umepungua, hufunguka. Imejaribiwa kwa panya, na sukari yao ikashuka. Taabu ni kwamba insulini kidogo tu ndiyo ipenyayo ukuta wa utumbo kuingia damuni. Kwa hiyo sindano haijaondoka.

Wakati wa likizo nilimweleza haya yote. Akauliza, "Itakuwa lini?" Nikasema sijui. Akaomba nepi kwa shangazi, akanyunyiza chumvi kwa mkono wake mwenyewe, akatazama maji yakitoka. Kisha chakula kikawa tayari, akaenda kuchukua sindano yake.