Kuazima kwa Kiingereza

Kwa Kiswahili neno moja, azima, hutumiwa na mwenye kutoa na mwenye kupokea. Mtu akitaka kisu kwa jirani yake husema, "Niazime kisu chako." Jirani akiulizwa kisu kiko wapi, hujibu, "Nimemwazima Juma." Naye Juma husema, "Kisu hiki nimeazima kwa jirani." Hakuna anayekosea wala anayeshindwa kufahamu, maana maneno mengine ya sentensi huonyesha kisu kimetoka kwa nani na kimekwenda kwa nani.

Waingereza wana maneno mawili, na kila moja lina mwenyewe. Mwenye kupokea hutumia "borrow". Mwenye kutoa hutumia "lend". Basi mwanafunzi akisema, "Borrow me your knife," Mwingereza atamfahamu, lakini papo hapo atajua kwamba anafikiri kwa lugha nyingine. Yampasa kusema, "Lend me your knife," au, "May I borrow your knife?" Tena "borrow" hufuatwa na "from", kwa kuwa kitu hutoka kwa mtu, "lend" hufuatwa na "to", kwa kuwa kitu huenda kwa mtu. Jambo lililokwisha kupita ni "lent", si "lended".

Kosa la kisu ni dogo. Kosa la fedha laweza kuwafikisha watu barazani. Kwa mfano, Juma amekopa shilingi 10 kwa Ali, naye ataka kuandika habari hiyo katika barua. Akiandika, "I borrowed ten shillings from Ali," amekiri deni lake. Akiandika, "I lent Ali ten shillings," amejigeuza kuwa mdai, na Ali aliyemtendea wema amekuwa mwenye deni. Miaka ikipita, na hao wawili wasiwepo tena, atakayeisoma barua hiyo ataamini yaliyoandikwa.

Lakini liko jambo moja ambalo Kiswahili hulipambanua na Kiingereza hakilipambanui. Kitu kitakachorudishwa chenyewe, kama jembe au mtungi, huazimwa. Fedha hutumiwa zikaisha, na zinazorudishwa ni nyingine za kiasi kile kile. Hizo hukopwa, na mwenye kuzitoa hukopesha. "Borrow" latosha kwa yote. Kwa hiyo mwenye kufasiri "He borrowed a hoe" na "He borrowed five shillings" hana budi kutazama kwanza kitu chenyewe, ndipo achague neno.

"Borrow" ni neno la kale sana, na asili yake ni neno lenye maana ya rehani au dhamana. Wadachi, ambao lugha yao ni ndugu ya Kiingereza, wana neno "borgen" la asili ile ile. Nalo hutumika kwa kutoa na kwa kupokea, sawasawa na azima.

Waingereza hutumia "borrow" hata kwa maneno yanayotoka lugha moja kwenda nyingine. Kiswahili kilitwaa kitabu kwa Waarabu na meza kwa Wareno. Kiingereza nacho kilitwaa safari kwa Waswahili. Hapo neno limepita mpaka wake kidogo, kwa kuwa mwenye neno hakupungukiwa na kitu, wala hakuna anayengoja kurudishiwa.