Mashine ya Majani Chai Imefika Sotik: Nani Atashika Spana?

Mwalimu, mashine za kuchuna majani chai si ndiyo maendeleo tuliyoyangoja?

Kwa kampuni, ndiyo. Watu wawili wakiishika mashine moja, kwa siku humaliza kazi ya wachunaji wengi, na gharama ya kila kilo hushuka. Mchunaji anayelipwa kwa kilo yeye hupoteza riziki. Ndiyo maana wafanyakazi wa mashamba ya chai waligoma mwaka 2010, na Mei 2023 mashine zikachomwa moto Kericho. Uchumi wa Sotik utakua iwapo aliyeondolewa shambani atapata kazi yenye tija kuliko ile ya kwanza.

Na elimu inaingia wapi?

Hapo hasa. Mwaka 1966 wanauchumi Richard Nelson na Edmund Phelps walieleza kwamba faida ya elimu huonekana zaidi teknolojia inapobadilika. Kazi ikiwa ileile miaka nenda miaka rudi, mazoea yanatosha: majani mawili na chipukizi, kikapu kijae. Mashine haichagui, hukata jani changa na jani gumu kwa pamoja. Lazima awepo mtu wa kupima kimo cha kukata, kunoa visu na kupanga upya siku za kurudi kwenye kila kipande cha shamba. Asipokuwepo, majani hafifu yanafika kiwandani na bei inaanguka kwenye mnada wa Mombasa.

Watoto wetu wanasoma bure shule ya msingi tangu 2003. Mbona wengi wamekaa tu nyumbani?

Kuwapeleka darasani lilikuwa jambo jema, nami nalitetea mpaka leo. Ila tumewapima kwa cheti, na kijana anamaliza kidato cha nne bila kufungua injini hata siku moja.

Halafu ujuzi nao unahitaji kiwanda. Watafiti wa chai wa Kericho walitoa chai ya zambarau, TRFK 306, mwaka 2011. Wakulima waliipanda kwa matumaini, lakini wengi hawakuwa na kiwanda cha kuisindika peke yake, wakalipwa bei ya chai ya kawaida.

Ungeanzia wapi?

Kwenye karakana za kutengeneza mashine za kuchuna hapahapa Sotik, ndani ya vyuo vya ufundi. Nafasi za kwanza wapewe wachunaji, akina mama wakiwemo, na wafundishwe kabla mashine hazijaingia shambani. Karo ilipwe na kampuni, kutokana na pesa inazookoa kwa kila kilo.