Mkono wa Mtakatifu Anna

Mara nyingi twaisifu picha kwa rangi zake, na ile iliyochorwa kwa mkaa twaiona kuwa kazi ya mwanafunzi tu. Leo twawaomba wasomaji wetu waitazame pamoja nasi picha moja ya mkaa isiyokamilika, ambayo Leonardo da Vinci aliichora karibu na mwaka 1500.

Karatasi zake ni nane, zimegandishwa pamoja hata zikapita kimo cha mita moja na robo. Bikira Maria amepakatwa na mama yake, Mtakatifu Anna. Mtoto Yesu anamwelekea Yohane Mbatizaji na kumbariki. Jina la Anna halimo katika Injili nne; twalipata katika kitabu cha kale cha karne ya pili kiitwacho Injili ya Yakobo, kisichohesabiwa katika Biblia. Basi mchoraji hakuwa na andiko la kumwonyesha sura yake. Akamchora si kizee, bali mama mwenye macho yaliyozama kivulini, anamtazama binti yake, na kidole chake chaelekea mbinguni.

Mkono huo ndio utufundishao. Nyuso zimetiwa vivuli laini na chaki nyeupe hata zaonekana kuvuta pumzi, lakini mkono wa Anna ni mistari mitupu, kana kwamba fundi ameitwa mlangoni. Hapo twaona kazi ilivyoanza.

Mkaa wa kuchorea ulikuwa kitu duni. Cennino Cennini, aliyewaandikia wachoraji mafundisho kabla ya Leonardo, aliagiza vijiti vya mwerebi vifungwe ndani ya chungu kipya, kisha vipelekwe kwa mwoka mikate jioni, vikae tanurini hata asubuhi. Ubora wake ni kwamba hufutika upesi: aliyekosea hupangusa, akaanza tena.

Tena picha kubwa za namna hii hazikuwekwa ili zitazamwe. Fundi alitoboa mistari kwa sindano, akaibandika karatasi juu ya ubao au ukuta, akapigapiga kifuko cha vumbi la mkaa, na alama zikapita matunduni. Nyingi ziliraruka kwa kazi hiyo zikatupwa. Hii ya Leonardo haikutobolewa. Alipomchora Anna kwa rangi, katika picha iliyoko sasa Louvre mjini Paris, alibadili mpango: Yohane hayumo, na Mtoto ameshika mwanakondoo. Karatasi zetu zilipona kwa sababu hazikutumika!

Lakini kupona huko hakukuwa kwa daima. Mwaka 1962 wenye picha, chuo cha sanaa cha kifalme cha London, walitaka kuiuza, na watu wakaogopa itatoka Uingereza. Ukafanyika mchango, watu wengi wakatoa kidogo kidogo, hata ikanunuliwa kwa pauni 800,000 na kuwekwa National Gallery, mjini humo humo. Mwaka 1987 mtu aliingia na bunduki iliyokatwa mtutu akaipiga. Risasi hazikupenya karatasi, ila kioo cha kuikinga kilivunjika, na vipande vyake vikachana vazi la Bikira Maria. Mafundi waliirekebisha kwa subira nyingi. Mkono wa Anna hawakuumaliza. Wameuacha mistari mitupu, kama Leonardo alivyouacha.