Kufundisha Tofauti za Kondoo na Mbuzi

Katika mazoezi ya kufundisha, tulipata kukaa nyuma ya Darasa la Tatu la shule moja iliyo katika sehemu ya wafugaji, tukimsikiliza mwanachuo akifundisha Sayansi. Aliandika ubaoni: "Kondoo ana sufu. Mbuzi ana nywele." Mtoto mmoja akanyosha mkono, akasema, "Mwalimu, kondoo wa kwetu hawana sufu." Wenzake wakacheka. Mwanachuo akajibu, "Andika kama ilivyo ubaoni." Mtoto akaandika, wala hakunyosha mkono tena mpaka kengele ilipolia.

Kosa hilo halikuwa la mwanachuo peke yake. Andalio lake la somo tulikuwa tumelipitia asubuhi ile, nasi hatukuliona. Yafaa basi tulichunguze pamoja, kwani mtoto aliyesema kweli akanyamazishwa hujifunza kwamba mambo ya shule ni mbali na mambo anayoyaona kwa macho yake. Somo la Sayansi likifikia hapo, limevunja msingi wake lenyewe.

Mambo ambayo mwalimu hana budi kuyajua

Kwanza, mfanano. Kondoo na mbuzi wote hucheua, wana tumbo lenye vyumba vinne, na kwato zao zimegawanyika. Wote hawana meno ya mbele katika utaya wa juu. Mahali pake pana ufizi mgumu. Mimba zao huchukua kama miezi mitano. Hata hivyo ni wanyama wa jamii mbili mbalimbali. Katika chembe hai za mwili wa kondoo mna kromosomu 54, na katika za mbuzi mna 60. Kwa sababu hiyo, hata wakipandana, ni nadra sana kuzaliwa mtoto aliye hai.

Pili, tofauti. Tunashauri mwalimu azigawe katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni alama za kutegemewa. Mdomo wa juu wa kondoo umegawanywa na mfereji ulio wazi ushukao kutoka puani. Wa mbuzi hauna mfereji kama huo. Mbele ya jicho la kondoo pana kishimo kidogo chenye tezi, ambacho mbuzi hana. 

Fungu la pili ni mambo ya kawaida, yaani yale yaonekanayo mara nyingi. Mbuzi ana mkia mfupi ambao kwa kawaida huuinua. Mkia wa kondoo huning'inia. Lakini mbuzi aliye mgonjwa au mwenye hofu naye huushusha. Mbuzi wengi wana ndevu, ila si wote. Mbuzi hupenda majani ya miti na vichaka, na huweza kusimama kwa miguu ya nyuma ili ayafikie. Kondoo hupenda majani mafupi ya ardhini. Kondoo hufuatana kwa karibu, hata mmoja akitengwa huhangaika. Mbuzi ni mdadisi, naye hupotea njia kwa hiari yake. Madume wakipigana, kondoo hurudi nyuma kisha hukimbia na kugongana vichwa, lakini beberu huinuka kwa miguu ya nyuma, akashuka kwa pembe. Tena beberu ana harufu kali ambayo hakuna mtoto wa mfugaji asiyeijua.

Fungu la tatu ni alama zidanganyazo: sufu, pembe na rangi. Picha nyingi za vitabuni zilichorwa katika nchi ambazo kondoo hufugwa kwa ajili ya sufu. Lakini kondoo wekundu wa Wamasai, pamoja na kondoo wa Kisomali wenye vichwa vyeusi, wana nywele fupi kama za mbuzi. Kondoo wa Kimasai huweka akiba ya mafuta mkiani, na wa Kisomali huiweka makalioni. Mbuzi hana akiba ya namna hiyo. Kuhusu pembe, wako kondoo wenye pembe na mbuzi wasio nazo.

Namna ya kufundisha

Kipindi kiwe cha dakika 40, nacho kifanyike nje. Mwalimu aazime kondoo mmoja na mbuzi mmoja kutoka kwa jirani wa shule, wote wawili wa kienyeji na majike yaliyo wapole. Wafungwe mbalimbali, na mtu mzima awashike. Madume yasiletwe, maana yanaweza kuwaumiza watoto. Kipindi kikiisha, kila mtoto anawe mikono kwa sabuni.

Hatua ya kwanza: watoto watazame kwa muda wa dakika tano bila ya mwalimu kusema neno. Hatua ya pili: kila kikundi kitaje tofauti tatu kilizoziona chenyewe. Mwalimu aziandike zote, hata zile anazozishuku. Hatua ya tatu, ambayo ndiyo kiini cha somo: kwa kila tofauti mwalimu aulize, "Je, kondoo wote wako hivi? Nani amemwona asiye hivyo?" Hapo watoto wachungao mifugo watakuwa walimu wa wenzao. Hatua ya nne: darasa lipange majibu katika mafungu matatu tuliyoyataja, kisha ndipo watoto waandike madaftarini.

Mwisho mwalimu aweza kugusa lugha. Husemwa kwamba mtu ni mpole kama kondoo, na kwamba mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Watoto waulizwe: je, mambo mliyoyaona leo yanakubaliana na misemo hiyo?

Mtoto anapompinga mwalimu

Huenda mwanachuo akahofu kwamba akikubali kusahihishwa na mtoto atapoteza heshima yake. Sisi tumeona kinyume chake. Mwalimu asemaye, "Umesema kweli, hebu tufute sentensi hii, tuandike nyingine," huwafundisha watoto namna maarifa yanavyopatikana. Heshima ya mwalimu hupungua pale watoto wanapojua kuwa amekosea, naye akashikilia kosa.

Baada ya kipindi kile tulizungumza na mwanachuo wetu. Kesho yake alirudi darasani, akafuta maneno yale mbele ya watoto wote, akamwomba yule mtoto awaeleze wenzake habari za kondoo wa kwao. Mtoto alisimama, akaeleza habari za mkia na mafuta yake kwa muda mrefu kuliko tulivyotazamia.

Zoezi kwa wanachuo: chagueni wanyama wengine wawili wafananao, kama vile bata na bata bukini, au punda na farasi. Andikeni tofauti zao katika mafungu matatu. Kisha nendeni mkawatazame wanyama wenyewe kabla ya kutunga andalio la somo.